Mama Rh hasi mwenye anti-D: kasi ya damu kichwani mwa mtoto, oksijeni, na lini uiamini namba

#1 – MkungaWaZamu

Habari za kazi wakuu. Naomba suala hili tulimalize kwenye uzi mmoja, maana kila likija linakuja vipande vipande. Mama ni Rh hasi (seli zake nyekundu hazina antijeni D) na tayari ametengeneza anti-D yake mwenyewe, yaani kingamwili inayovunja seli za mtoto mwenye D, kwa hiyo sindano ya kinga haina tena la kumfanyia. Ripoti ya altrasaundi inarudi na sentensi moja ya Dopla, yaani kipimo cha mwendo wa damu: "Dopla ya kitovu ni ya kawaida, hali ya mtoto nzuri."

Ninayouliza ni haya. Dopla ya mshipa gani inaonyesha kwamba mtoto anaishiwa damu? Tunaanza wiki ya ngapi na tunarudia baada ya muda gani? Na je, kuna kipimo kinachoonyesha oksijeni yenyewe, au tunakisia? Jibu la "mpe rufaa kwa bingwa" nalijua, rufaa atapewa. Nataka tuelewe anakwenda na nini mkononi.

#2 – Wimbi_na_Pembe

Dada Mkunga, ripoti hiyo imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Dopla ya ateri ya kitovu inapima ukinzani wa kondo la nyuma. Kwa mtoto ambaye seli zake nyekundu zinavunjwa na kingamwili za mama, kondo kwa kawaida halina shida ya ukinzani. Mtoto anaweza kuwa amebakiwa na theluthi ya damu yake na ateri ya kitovu bado ikasomeka vizuri kabisa.

Mshipa unaotakiwa ni ateri ya kati ya ubongo (MCA), na kinachosomwa ni kasi ya kilele, PSV, kwa sentimita kwa sekunde. Sababu zake ni mbili na zinakwenda pamoja. Seli zikipungua damu inakuwa nyepesi, mnato unashuka. Na moyo, ili kufidia, unasukuma damu nyingi zaidi kwa dakika. Damu nyepesi inayosukumwa kwa nguvu inakimbia. Mishipa ya ubongo ndiyo tunayoitumia kwa kuwa inaitikia mapema, na pia kwa kuwa MCA imelala upande unaoruhusu kuipima bila pembe.

Mari na wenzake walichapisha viwango hivi mwaka 2000, na ndivyo vinavyotumika hadi leo. PSV inagawanywa kwa kiwango cha kati cha umri huo wa mimba, jibu linaitwa MoM. Ikifika 1.5 MoM, mtoto anahesabiwa kuwa kwenye hatari ya upungufu wa damu wa kati au mkali. Namba za kubandika ukutani:

Wiki 18: kati 23.2, mpaka wa 1.5 ni 34.8
Wiki 20: 25.5, mpaka 38.2
Wiki 22: 27.9, mpaka 41.9
Wiki 24: 30.7, mpaka 46.0
Wiki 26: 33.6, mpaka 50.4
Wiki 28: 36.9, mpaka 55.4
Wiki 30: 40.5, mpaka 60.7
Wiki 32: 44.4, mpaka 66.6
Wiki 34: 48.7, mpaka 73.1

Angalia jinsi mpaka unavyopanda karibu sentimita mbili na nusu kila wiki. Ukikosea umri wa mimba kwa wiki mbili, umekosea jibu. PSV ya 52 kwa wiki 28 ni 1.41 MoM, mama huyohuyo akiwa kumbe ni wiki 30, ni 1.28. Kwa hiyo kabla hujashika proba, tafuta altrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza na utumie tarehe ile, usitumie ukubwa wa kichwa cha leo.

#3 – Nesi_Kinasa

Swali dogo mkuu. Mimi nilijua MCA inaangaliwa PI (kielezo cha ukinzani wa mshipa), ikishuka ndiyo mtoto anakosa oksijeni?

#4 – Wimbi_na_Pembe

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mafaili. PI kushuka ni habari ya mtoto aliyedumaa kwa sababu kondo halimlishi. Mishipa ya ubongo inalegea ili damu ielekee huko. Huko tatizo ni oksijeni kutoingia kwenye damu. Kwa mtoto wa Rh oksijeni inaingia, ila magari ya kuibeba yamepungua. PI yake inaweza kuwa kawaida huku PSV imeruka. Ukikuta ripoti imeandika "MCA kawaida" bila kusema PSV ni ngapi, irudishe.

Angalizo kwa upande wa pili: PSV kubwa si hati miliki ya Rh. Mtoto mwenye parvovirusi B19, mtoto aliyevujia damu kwa mama, hata mtoto aliyedumaa vibaya, wote wanaweza kuipandisha.

#5 – DktMishipa

Naomba nilichukue swali la oksijeni, kwa sababu majibu ya haraka hapa huwa yanapotosha.

Hakuna kifaa cha kuweka juu ya tumbo la mama kikakuambia oksijeni ya damu ya mtoto ni kiasi gani. Tunachopima nje ni kivuli chake. Na hata ukiingiza sindano kwenye kamba ya kitovu ukachukua damu, shinikizo la oksijeni linaweza kukudanganya, kwa sababu mara nyingi ni la kawaida. Kilichopungua ni jumla ya oksijeni iliyobebwa.

Tufanye hesabu. Gramu moja ya himoglobini iliyojaa inabeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Chukua vena ya kitovu, ambayo ndiyo inayotoka kwenye kondo na damu safi, ujaaji wake tuseme asilimia 80. Mtoto wa wiki 28 mwenye himoglobini 12 kwa desilita: 12 × 1.34 × 0.8 = karibu mililita 12.9 kwa kila desilita. Mwenye himoglobini 4: 4.3. Ujaaji uleule, shinikizo lilelile, lakini mzigo umebaki theluthi moja. Angekuwa mtu mzima kidoleni amewekewa kipimo cha mwanga, kingesoma vizuri na kila mtu akaondoka ameridhika.

Mtoto anafidia kwa kusukuma damu zaidi na kwa tishu kunyonya zaidi kutoka kwenye kila tone. Fidia ina kikomo. Himoglobini ikishuka chini ya 8, laktati (asidi ya tishu zinazokosa oksijeni) inaanza kupanda kwenye ateri ya kitovu, ambayo inabeba damu kutoka kwa mtoto kwenda kwenye kondo. Kwenye vena haionekani bado, kwa sababu kondo linaisafisha. Ikishuka chini ya 4, kondo nalo linashindwa na laktati inaonekana hata kwenye vena. Huo ndio mpangilio: ateri kwanza, vena baadaye. Ndiyo maana PSV ina thamani, inapaza sauti kabla ya asidi.

#6 – Wimbi_na_Pembe

Asante Dokta. Sasa ufundi, maana namba nzuri haitoki kwenye picha mbaya. Nitaandika kirefu hapa kwa makusudi.

Mama alale kwa kuegemea kidogo upande. Subiri mtoto atulie: hapigi teke, hapumui. Mtoto akiwa anachangamka kasi inabadilika na utaandika namba ya mchezo wake.

Tafuta kata ya mlalo ya kichwa, uone thalamasi na tundu la septamu pelusidi, kisha shuka kidogo kuelekea chini ya fuvu hadi mabawa ya mfupa wa sfenoidi. Washa Dopla ya rangi: duara la Willis, pete ya mishipa chini ya ubongo, litawaka, na MCA itaonekana ikitoka pembeni kama mkono ulionyooshwa kuelekea kwenye proba. Chukua ile iliyo karibu na proba. Kuza picha mpaka MCA nzima ijaze sehemu kubwa ya kioo. Kupima kwenye picha ndogo ni kuchoma sindano gizani.

Geti (kidirisha cha kupimia kasi ndani ya mshipa) iwe nyembamba, milimita 1 hadi 2, na iwekwe kwenye theluthi ya kwanza ya mshipa, kama milimita 2 tu kutoka pale unapochipuka kwenye karotidi ya ndani. Kasi inapungua kadiri unavyokwenda mbali na chanzo, hivyo ukiweka geti mwisho wa mshipa utapata namba ndogo na faraja ya uongo.

Pembe ndiyo moyo wa kazi hii. Mwale na mshipa viwe kwenye mstari mmoja, karibu na nyuzi 0. Telezesha proba juu ya tumbo, izungushe, badilisha mkao wa mama, lakini usikimbilie kitufe cha kusahihisha pembe. Sababu ni hesabu tu. Kwa nyuzi 10 unapoteza asilimia 1.5, hiyo samehe. Kwa 20 unapoteza 6. Kwa 30 unapoteza 13. Mtoto wa wiki 28 ambaye PSV yake halisi ni 58, yaani 1.57 MoM, ukimpima kwa nyuzi 30 utasoma 50, yaani 1.36. Umemrudisha nyumbani mtoto anayehitaji damu. Pembe mbaya bila kusahihisha hukosea upande mmoja tu, upande wa kukutuliza. Ukisahihisha nayo, basi kosa linaweza kwenda kokote, kwa kuwa mstari wa kusahihisha unauchora wewe kwa jicho.

Usiminye. Mkono mzito juu ya kichwa cha mtoto unabadilisha mtiririko wa damu ndani ya fuvu.

Skeli ya kasi iwe pana ya kutosha kuichukua ncha ya wimbi. Ncha ikikatwa juu na kutokea chini ya mstari wa sifuri, panua skeli au shusha mstari. Usikadirie kwa macho. Geini (ukuzaji wa mawimbi) ikiwa juu sana, ukungu wa pembeni mwa wimbi unasomeka kama kasi na namba inavimba. Punguza hadi ukingo wa wimbi uwe mkali.

Chukua mawimbi yanayofanana, kati ya 3 na 10 mfululizo, weka alama kwenye ncha kwa mkono. Rudia zoezi zima angalau mara 3, na uchukue namba kubwa iliyotoka kwenye wimbi safi. Wastani hapa haukusaidii, maana kipimo kilichopotea pembe kinaushusha. Usiache Dopla ikiwaka kichwani bila kazi. Kielezo cha joto kisizidi 1, na ukishapata wimbi, gandisha picha.

#7 – Nesi_Kinasa

Na kama MCA ya karibu haipatikani, mtoto amegeuka vibaya?

#8 – Wimbi_na_Pembe

Ya mbali inaruhusiwa pembe ikiwa ileile, karibu na 0. Andika kwenye ripoti kwamba ni ya mbali. Na kama zote zimekataa, mwambie mama atembee dakika 20 arudi. Ripoti inayosema "haikupimika leo, arudi kesho" ina heshima kuliko namba ya kulazimisha.

#9 – Taita_na_Tyubu

Maabara tuko hapa. Kabla ya Dopla kuna kazi inayofanyika kwenye tyubu, na ndiyo inayosema nani apimwe.

Kwa mimba ya kwanza kuathirika, taita ya anti-D (wingi wake, unaopimwa kwa kuizimua mara mbili kila tyubu) inafaa kama mlango. Maabara nyingi zina kiwango cha hatari cha 1:16 au 1:32, lakini ni lazima kiwe cha maabara yako, kwa mbinu yako. Taita ya tyubu na taita ya kadi za jeli hazilinganishwi. Uingereza wao hupima kwa vizio: chini ya 4 IU/mL hatari ni ndogo, 4 hadi 15 ni ya kati, juu ya 15 ni kubwa. Ratiba yao ni kila wiki 4 mpaka wiki ya 28, kisha kila wiki 2.

Kupanda kwa tyubu moja kunaweza kuwa ni mkono wa fundi tu. Tyubu mbili, yaani mara nne, huo ni mpando wa kweli. Ndiyo maana sampuli ya mwezi uliopita inagandishwa, inapimwa sambamba na ya leo, siku moja, fundi mmoja.

Halafu mtego: mama aliyechomwa sindano ya kinga ya anti-D ataonyesha anti-D kwenye kipimo kwa wiki kadhaa. Kwa kawaida taita yake ni ndogo, nadra kuvuka 1:4. Fomu isipoandika tarehe ya sindano, sisi hatuna namna ya kujua ni ya chupa au ni ya kwake. Tafadhali andikeni tarehe.

Kingamwili za Kell (dhidi ya antijeni nyingine ya damu, K) ni kesi nyingine. Zinavunja seli, na pia zinazima kiwanda chenyewe kwenye uboho, kwa hiyo mtoto anaweza kuishiwa damu vibaya na taita ikiwa ndogo tu. Huko 1:8 tayari inahesabika, na wengine hawasubiri namba yoyote. Dopla bado inafanya kazi, kwa kuwa yenyewe inasoma wepesi wa damu bila kujali ulivyotokea.

Mwisho, kabla hujamweka mama kwenye foleni ya kila wiki hadi kujifungua, uliza kama mtoto ana antijeni yenyewe. Baba akiwa na nakala mbili za jeni ya RHD, watoto wote watakuwa chanya. Akiwa na moja, ni nusu kwa nusu. Palipo na kipimo cha DNA ya mtoto kutoka kwenye damu ya mama, D, c na E husomwa kuanzia wiki ya 16 na K kuanzia wiki ya 20. Mtoto akiwa hasi kwa antijeni hiyo, anti-D ya mama hata ikiwa kubwa vipi haina cha kushika. Suala la baba liulizwe mama akiwa peke yake.

#10 – DktMishipa

Nakazia moja. Mama aliyewahi kupoteza mtoto kwa tatizo hili, au mtoto wake aliyetangulia aliongezewa damu tumboni au mara tu alipozaliwa, huyo taita usiisubiri. Kingamwili zinaweza kukaa kwenye namba ileile na ugonjwa ukaja mapema zaidi na mkali zaidi kuliko mimba iliyopita. MCA yake ianze wiki ya 16 hadi 18. Mimba ya kwanza kuathirika, anza taita ikigusa kiwango, baada ya wiki 18. Marudio ni wiki 1 hadi 2, kutegemea namba inavyokwenda.

#11 – MkungaWaZamu

Shukrani sana. Sasa hapo kwenye "namba inavyokwenda". Mama ana 1.4 MoM. Hajavuka 1.5. Tunasema yuko sawa?

#12 – DktMishipa

Inategemea ametokea wapi. Chukua wawili, wote wamepimwa wiki 24, 26 na 28.

Wa kwanza: 43, 47, 51. Ukigawanya unapata 1.40, 1.40, 1.38. Anatembea sambamba na mstari. Mrudie baada ya wiki moja, lakini usijisahau.

Wa pili: 33, 42, 53. Hiyo ni 1.07, 1.25, 1.44. Huyu naye hajavuka, ila kwa mwendo huu atavuka ndani ya siku chache. Huyu ndiye wa kurudi baada ya siku 3 au 4, na kituo cha kuongeza damu tumboni kipigiwe simu leo ili damu iandaliwe.

Kwa hiyo kadi ya mama ibebe PSV zote kwa sentimita kwa sekunde, tarehe, na umri wa mimba siku ile. Ripoti inayosema "chini ya 1.5" tu inamnyima mpimaji anayefuata mwenendo wa namba. Na namba ikivuka ghafla kutoka 1.2 hadi 1.55, kabla ya kutoboa (kuingiza sindano kwenye kamba ya kitovu) rudia siku hiyohiyo au kesho yake, mtoto ametulia, ikiwezekana kwa mkono mwingine. Isipokuwa kama kuna maji tumboni mwa mtoto. Hapo hakuna cha kurudia.

Uwezo wa kipimo chenyewe usikuzwe. Utafiti wa Oepkes na wenzake wa 2006, uliolinganisha Dopla na ile njia ya zamani ya kutoboa maji ya uzazi na kupima rangi ya bilirubini, uliipa Dopla ugunduzi wa asilimia 88 na umahususi wa 82. Ilishinda sindano, na bila kuhatarisha mimba wala kuchochea kingamwili zaidi. Ila 88 si 100.

#13 – Nesi_Kinasa

Upande wa CTG (mashine inayochora mapigo ya moyo wa mtoto) nichangie kidogo, maana ndiyo tulio nayo wodini usiku.

Mchoro wa kuogopa ni wa mawimbi laini kama ya bahari tulivu: mapigo yanapanda na kushuka kwa mpangilio, mara 3 hadi 5 kwa dakika, kimo cha mapigo 5 hadi 15, hakuna kupanda kwa ghafla mtoto akicheza, na unadumu dakika 30 au zaidi. Huo ni upungufu mkali. Mtoto anayenyonya kidole au mama aliyechomwa pethidini anaweza kutoa mchoro wa karibu na huo, lakini wenyewe una meno kama msumeno na mara nyingi unapotea kabla ya nusu saa, ukitanguliwa na kufuatiwa na mchoro wa kawaida.

CTG nzuri haimwondolei mtoto upungufu wa damu. Ukiona mawimbi hayo, umechelewa tayari. Usisubiri nafasi ya altrasaundi ya wiki ijayo.

#14 – Wimbi_na_Pembe

Sahihi. Na kwenye altrasaundi ya kawaida, bila Dopla, kagua kila mara: moyo umepanuka? Kuna utepe mwembamba mweusi wa maji kuzunguka utumbo au ini? Maji kuzunguka mapafu, kuzunguka moyo, ngozi ya kichwa kuvimba kupita milimita 5? Kondo limenenepa kupita sentimita 4? Maji ya uzazi yameongezeka? Sehemu mbili zikiwa na maji, hiyo ni haidropsi, na himoglobini huwa imeshuka kama gramu 7 au zaidi chini ya wastani wa umri wake. Utepe kuzunguka utumbo ndio huonekana mapema, na ndio unaokosewa sana: misuli ya ukuta wa tumbo la mtoto nayo ni myeusi kwenye picha. Misuli inaishia mbavuni. Maji yanazunguka matanzi ya utumbo na kuuchora ukingo wa ini.

Mama naye akianza kuvimba na presha kupanda wakati mtoto ana haidropsi, msimwite kifafa cha mimba haraka. Kuna hali ambapo mama anaiga uvimbe wa mtoto.

#15 – MkungaWaZamu

Akishavuka, huko ndani wanafanya nini hasa? Mama huwa anauliza na sisi tunabaki kusema "ataongezewa damu" tu.

#16 – DktMishipa

Sindano ya geji 20 au 22 inaingia kwa kuongozwa na altrasaundi hadi kwenye vena ya kitovu pale inapojikita kwenye kondo, au kwenye sehemu yake iliyo ndani ya ini la mtoto. Mara nyingi mtoto anapewa kwanza dawa ya kulegeza misuli ili asiipige sindano. Sampuli ya kwanza inapimwa hapohapo: hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni seli nyekundu) chini ya 30 ndiyo inayoruhusu kuendelea. Ukubwa wa seli unaangaliwa pia. Seli za mtoto ni kubwa, zaidi ya femtolita 100; ukisoma 85 umechota damu ya mama na hematokriti uliyopata si ya mtoto.

Kiasi cha damu kinahesabiwa hivi: uzito wa mtoto kwa gramu × 0.14 ndio ujazo wa damu yake pamoja na kondo. Zidisha kwa tofauti ya hematokriti unayoitaka na aliyonayo, gawanya kwa hematokriti ya mfuko. Mtoto wa gramu 1000, ana 20, tunataka 45, mfuko una 80: 140 × 25 ÷ 80 = karibu mililita 44. Kijiko cha mezani kimoja ni mililita 15, kwa hiyo ni vijiko vitatu hivi. Mama akiambiwa hivyo anaelewa.

Mwenye haidropsi kabla ya wiki 24 hajazwi kwa mara moja. Moyo wake uliochoka haubebi mzigo wa ghafla. Anapewa kidogo, kisha anarudiwa baada ya siku chache.

#17 – Taita_na_Tyubu

Mfuko wenyewe: kundi O, Rh hasi, Kell hasi, umelinganishwa na plazima ya mama, si ya mtoto, maana kingamwili zinazovunja ni za mama. Umri usizidi siku 5. Seli nyeupe zimechujwa, hauna virusi vya CMV, umepigwa mionzi ya Gray 25 na utumike ndani ya saa 24 baada ya hapo, kwa sababu mionzi inafanya seli zivujishe potasiamu, na potasiamu ikiingizwa karibu na moyo wa mtoto wa kilo moja ni hatari. Hematokriti 70 hadi 85, ndiyo inayofanya mililita ziwe chache.

Simu ipigwe mapema. Mfuko huu hauko kwenye friji ukingoja.

#18 – Wimbi_na_Pembe

Na baada ya hapo Dopla inabadilika lugha. Seli za mtu mzima ni ndogo kuliko za mtoto na zinapita kwa namna nyingine, hivyo PSV baada ya kuongezewa mara ya kwanza haisomwi kwa mpaka uleule kwa uhakika uleule. Kuna waliopendekeza 1.69 MoM kwa kutafuta upungufu mkali baada ya mara ya kwanza. Baada ya mara ya pili na kuendelea, wengi hutegemea kalenda zaidi: himoglobini hushuka takriban gramu 0.4 kwa desilita kila siku baada ya mara ya kwanza, 0.3 baada ya pili, 0.2 baada ya tatu. Ndiyo maana ya pili hufuata baada ya siku 10 hadi 14, na zinazofuata huachana kwa wiki 3 hadi 4.

Baada ya wiki 35 vilevile punguza imani. PSV za juu za uongo zinaongezeka. Namba ya 1.55 kwa wiki 36, mtoto anacheza na CTG safi, ni mazungumzo ya kumzalisha wiki ya 37 au 38, si ya kutoboa.

#19 – Nesi_Kinasa

La mwisho kutoka kwangu. Mtoto aliyeongezewa mara tatu tumboni amezaliwa, kundi linasoma O hasi na kipimo cha Coombs (kinachotafuta kingamwili zilizoshika seli) hasi. Mtu anaandika "hakuathirika". Inawezekana?

#20 – Taita_na_Tyubu

Hapana. Unasoma damu ya mchangiaji. Uboho wa mtoto ulinyamaza kwa kuwa hematokriti ilikuwa ya kutosha, na seli zake zilizokuwepo zimekwisha. Kingamwili za mama bado zimo mwilini mwake na zinasubiri seli mpya. Uboho ukiamka, zinavunjwa tena. Kwa hiyo bilirubini ipimwe kuanzia damu ya kitovu na kurudiwa kila baada ya saa chache siku ya kwanza, na himoglobini pamoja na retikulosaiti (seli nyekundu changa) zipimwe kila wiki moja hadi mbili mpaka miezi mitatu hivi. Upungufu wa kuchelewa hutokea sana kati ya wiki ya 4 na ya 6, mtoto anaonekana mchovu wa kunyonya tu. Na msimpe madini ya chuma kwa mazoea: damu alizoongezewa zimemwachia chuma cha kutosha, kilichokosekana ni seli. Kundi lake halisi lipimwe upya akishafikisha miezi kadhaa bila kuongezewa damu, na kwenye kadi yake ya sasa paandikwe "kundi la mchangiaji".

#21 – MkungaWaZamu

Nimebandika jedwali la #2 ukutani, na fomu ya altrasaundi tumeiongezea mistari minne: PSV kwa sentimita kwa sekunde, pembe, MCA ya karibu au ya mbali, na umri wa mimba umetokana na altrasaundi ya tarehe gani. Dokta, kadi ya mama imeongezwa safu ya PSV zilizopita.